Kumrudi mtoto bila fimbo: mwongozo kwa mzazi aliyeamua kuacha kuchapa

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kila ninapozungumza na wazazi wenzangu habari ya kuacha fimbo, methali hii hutolewa kabla sijafika mbali, nami naikubali yote. Mtoto asiyekatazwa kitu, anayepewa kila anachokililia, atakuja kumliza mzazi wake. Lakini isome tena: imetaja kilio, haikutaja fimbo. Mtoto analia ukimzimia katuni. Analia ukimpeleka dukani kurudisha pipi aliyoichukua bila kulipa, analia ukimwambia leo haendi uwanjani kwa sababu sare zake bado zimelowekwa kwenye beseni. Kilio hicho usikiogope hata kidogo. Mwongozo huu ni wa mzazi anayetaka kuweka bakora chini na bado akalea mtoto mwenye adabu.

Nimechapa kwa miaka minane, na huu ni mwaka wa tano tangu niache. Nyumbani kwetu fimbo ilikuwa mimi. Mama watoto akizidiwa alisema, "Ngoja baba yenu arudi," na jioni pikipiki yangu ikisikika tu pale kwenye kona, vicheko ndani vilikatika. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Ikaja Jumapili moja, jua la saa saba mchana, namwona mwanangu wa kati anapita uani kavaa soksi ndani ya ndala. Alikuwa na miaka saba. Mguu mmoja anaukanyagia vidole, kisigino kakiinua. Nikamwita, nikamvua soksi. Kisigino kilikuwa kimevimba hadi kinang'aa, katikati kuna kitundu kinachovuja usaha. Siku tatu kabla alikuwa amevunja chupa ya chai. Vipande vya kioo alivikusanya kwa mikono yake, akavifunga kwenye gazeti, akavificha nyuma ya tangi la maji, na kimoja kikamwingia. Siku zote hizo tatu mama yake alikuwa akimuuliza dada wa kazi chupa iko wapi, na mtoto amekaa hapo hapo anasikia. Nesi wa zahanati alitoa kioo kidogo kuliko punje ya mchele. Nilipomuuliza mwanangu kwa nini hakusema, alijibu huku anaangalia chini: "Ungenichapa."

Miaka saba ya kuishi na mimi, na kitu alichokuwa amekijua vizuri kuliko vyote ni kuficha.

Siko peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yakatangazwa 2011, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipigwa au kutendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi wao na ndugu au walimu. Maana yake ni kwamba wengi wetu tunaosoma hapa tumechapwa, na tunachapa kwa sababu ndiyo lugha tuliyofundishwa. Tafiti za miongo mingi katika nchi nyingi zimeona jambo moja: mtoto anayechapwa hutii kwa muda ule anaoiona fimbo, kisha kadiri miaka inavyokwenda huwa mgomvi zaidi, na uhusiano wake na mzazi huharibika.

Tuanze.

Hatua ya 1: Patana na watu wazima wote wa nyumba

Usianze na watoto. Anza na mwenzako, na bibi kama yupo, na shangazi, na dada wa kazi. Baba akiacha na mama akaendelea, mtoto hajifunzi adabu. Anajifunza kuchagua mtu wa kumkosea.

Neno la kwanza kulifuta nyumbani ni "ngoja baba yako arudi". Kosa la saa tisa alasiri lishughulikiwe saa tisa, na mtu mzima aliyekuwepo. Mtoto wa miaka minne hawezi kuunganisha juisi aliyomwaga mchana na hasira ya mtu anayeingia usiku. Anachojua ni kwamba baba akija, kunauma.

Dada wa kazi mpe mamlaka yanayojulikana, mbele ya watoto. Kwetu anaweza kuzima televisheni, anaweza kumwita mtoto arudi kufuta alichomwaga, na neno lake kwenye hayo ni neno letu. Kumgusa mtoto hapana. Usipompa mamlaka haya watoto watamdharau, na siku moja atakufinyia mtoto gizani kwa sababu hana silaha nyingine.

Kwa bibi, kuwa mpole. Ukianza kumweleza mama yako ubaya wa fimbo, unamwambia kwamba alikulea vibaya, na hapo mazungumzo yamekwisha. Mimi nilisema hivi: "Mama, umetulea sita na wote tumekuwa watu. Naomba hili la fimbo uniachie mimi. Wakikukosea, niite." Alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliniita.

Utaambiwa pia ni dini. Kanisani kwetu Mithali husomwa, na fimbo imo. Lakini imo pia kwenye Zaburi, mkononi mwa mchungaji, na pale kondoo anasema inamfariji. Mchungaji huongozea kundi kwa fimbo ile na kufukuzia mnyama mkali. Jirani yangu, ustadhi wa madrasa, hupenda kunikumbusha Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume kwa miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, akasimulia kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa hata "uff".

Mkishapatana, waambieni watoto kwa pamoja, mmekaa. Fimbo itolewe, ivunjwe, itiwe jikoni mbele yao. Sisi tulisema: "Kuanzia leo hakuna mtu atakayepigwa humu ndani. Makosa bado ni makosa." Hawakuamini. Wa mwisho akauliza, "Hata nikivunja tivii?" Nikamwambia hata ukivunja tivii, ila hakutakuwa na ya kuangalia, na hela ya nyingine sina. Alikaa akilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiria kiboko.

Hatua ya 2: Wiki moja, andika

Chukua daftari. Kila unapochapa, au mkono unapotaka kwenda, andika mambo matatu: saa ngapi, kosa gani, na wewe ulikuwa katika hali gani. Wiki moja tu.

Daftari langu lilinionyesha aibu yangu. Sehemu kubwa ya hasira zangu ilikuwa kati ya saa moja na saa tatu usiku. Mimi nimetoka kazini sijala, watoto wana usingizi, kazi za shule hazijakamilika, sare haijulikani iko wapi. Nilikuwa nachapa njaa na uchovu, vyangu na vyao.

Hapa piga hesabu ya usingizi. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kama basi la shule linampitia alfajiri na anaamshwa saa kumi na moja, basi saa mbili usiku awe amelala, na hapo umempa kiwango cha chini kabisa. Mtoto anayelala saa nne na kuamshwa kumi na moja atalia kwa kuvalishwa soksi, atamwaga uji, atasahau daftari, na utamchapa kwa makosa ya saa ulizompunguzia. Sisi tulileta chakula cha jioni mbele, sare na viatu vikawa vinawekwa kwenye kiti kabla ya kula, televisheni ikawa inazimwa saa moja na nusu. Nusu ya makosa ya daftarini yalikwisha bila mtu kuadhibiwa.

Hatua ya 3: Sheria chache, zinazosema afanye nini

Zisizidi tano. Ziwe zinasema la kufanya. "Usikimbie" humwacha mtoto mdogo hajui afanye nini na miguu yake. "Tembea ndani, kimbia nje" anaielewa. Zetu ni hizi: ukitoka unaaga. Mkono haupigi mtu. Ulichomwaga unafuta, ulichotumia unarudisha. Ukiitwa unaitika na kuja. Ukikosea unasema.

Hiyo ya mwisho ndiyo mama wa zote, nayo ina sharti upande wako: mtoto akija mwenyewe kusema, sauti yako isipande. Ukimfokea siku hiyo, sheria imekufa.

Watoto wakubwa wapeni nafasi ya kupendekeza. Na sheria ikiwagusa watu wazima, nasi tuifuate; kwetu nami huaga ninapotoka.

Hatua ya 4: Mkono unapotaka kuinuka

Hii ndiyo sehemu ngumu, na hakuna atakayekuwa pembeni yako kukusaidia. Hasira ya mzazi ina mwili: moyo unakwenda mbio, taya zinakaza, mkono unatafuta kitu. Jifunze dalili yako ya kwanza. Yangu ni masikio kupata joto.

Ukiihisi, fanya kitu cha mwili kabla hujafanya kitu cha mdomo. Kama umesimama, keti. Waliosoma madrasa wanalijua hili tangu utotoni. Shika kitu kwa mikono miwili. Mke wangu hukunja ncha za kanga yake. Nenda kanawe uso. Kisha sema sentensi moja uliyoiandaa tangu mapema, kwa sababu ukiwa na hasira hutaweza kuitunga: "Nimekasirika. Nitakuita baada ya dakika kumi." Halafu umwite kweli. Usipomwita, amejifunza kwamba hasira ya baba ni mvua ya kupita.

Wengi wanaogopa kwamba kuondoka ni kushindwa. Mimi naona kinyume chake. Mtoto anayekuona umekasirika na unajizuia anapata pale pale somo unalotaka alipate, kwa sababu naye kesho atamkasirikia mdogo wake.

Kama ni mtoto mchanga anayelia bila kunyamaza na umefika mwisho, mlaze chali kitandani pake mahali salama, toka nje ya chumba dakika chache, rudi. Usimtikise kamwe. Shingo yake haina nguvu, na kutikiswa kunaweza kumvujisha damu ndani ya ubongo. Na kibao cha sikioni, hata kwa mtoto mkubwa, kinaweza kupasua ngoma ya sikio.

Hatua ya 5: Mwite, uliza, nyamaza

Dakika kumi zimekwisha. Mwite mahali pasipo na wenzake wala wageni. Keti au chuchumaa macho yenu yalingane. Mtu mzima aliyesimama juu ya mtoto wa miaka mitano ni mti mzima unaosema.

Usimuulize "kwa nini umefanya hivi?" Mara nyingi hajui. Sehemu ya ubongo inayozuia papara na kupima matokeo ni ya mwisho kukomaa, na kazi hiyo huendelea hadi mtu amepita miaka ishirini. Ukimuuliza "kwa nini" atanyamaza, nawe utaona kiburi. Au atatunga, nawe utaona uongo. Uliza "imekuwaje?" Kisha nyamaza wewe. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi na tano. Watoto wengi husema kwenye kumi na mbili.

Akimaliza, rudia kwa maneno yako ili ajue umesikia: "Kwa hiyo yeye alikunyang'anya mpira, nawe ukamtupia jiwe." Halafu sema kosa kwa jina lake na uache nafsi yake. "Umesema uongo" inatosha. "Wewe ni mwongo" ni jina, na mtoto akipewa jina hulivaa.

Hatua ya 6: Kosa lilete matokeo yake

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo wengi huuliza, "Sasa nisipomchapa nifanye nini?" Kanuni ni moja: matokeo yatoke kwenye kosa lenyewe, yawe mafupi, na yamwache mtoto na kazi ya kutengeneza. Mifano ya nyumbani kwetu na kwa wenzangu:

Amemwaga au amevunja. Anafuta. Kama ni kioo, unafagia wewe naye anakushikia kizoleo. Kama ni kitu cha thamani na ana umri wa kuelewa, anachangia kidogo kutoka hela anazopewa, hata shilingi mia mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja. Kiasi hakifiki popote kwenye bei, lakini kinafika kwake.

Chenji haikutimia. Umemtuma mafuta ya kula kwa shilingi 5,000, chenji imepungua 500, na midomo ina rangi ya ubuyu. Usimtege kwa kuuliza "chenji yote hii?" wakati jibu unalo, unamkaribisha kwenye uongo. Mwambie: "Chenji imepungua mia tano, na naona ulinunua ubuyu." Mia tano airudishe kwa kazi isiyo yake ya kila siku: kuosha viatu vya nyumba nzima, kuchambua mchele. Halafu, na hapa wengi hukosea, endelea kumtuma. Kwa wiki mbili mhesabu hela pamoja mezani akitoka na akirudi. Ukiacha kumtuma umemwambia yeye ni mwizi, na hana mahali pa kuthibitisha vinginevyo.

Amempiga mdogo wake. Watenganishe kwanza. Mwangalie aliyeumia kabla ya aliyeumiza. Kisha mkubwa afanye kitu kwa ajili ya mdogo: amletee maji, amtafutie mchezo wake. Na ona mwenyewe ugumu wa kumwambia "hapa hatupigani" huku umeshika kiboko.

Ameitwa mara tatu hakuja. Acha kuita kutoka jikoni. Mwendee, mguse bega, sema mara moja, msubiri aanze. Ni hatua kumi kwa miguu na zinaokoa nusu saa ya kelele.

Matokeo mabaya ya shule. Alama si kosa la adabu. Chunguza: anaona ubao? Anasikia? Anaonewa na wenzake? Analala wapi, anasomea wapi? Mtoto mmoja mtaani kwetu alichapwa kwa hesabu mihula miwili kabla mtu hajagundua kwamba haoni mbali.

Kukojoa kitandani. Hili ondoa kabisa kwenye orodha ya makosa. Mtoto aliyelala hana amri juu yake, na ni jambo la kawaida hata kwa baadhi ya watoto waliokwisha kuanza shule. Usimchape, usiache godoro likae barazani watu wapite wakiuliza. Apunguze kunywa karibu na kulala, aende msalani, umuamshe kama inakusaidia. Kama alikuwa ameacha kwa miezi kisha ameanza tena, mpeleke hospitali, na muulize kwa upole kama kuna kitu au mtu anayemtisha.

Kijana na simu. Hapa andikianeni, kwenye karatasi, nyote mtie sahihi: simu inalala sebuleni usiku, nywila mzazi anayo, akivunja masharti simu inakaa kabatini siku mbili. Siku mbili. Ukisema mwezi mzima, hutaweza kutimiza, na kijana atajua neno lako lina punguzo.

Umri nao uuangalie. Chini ya miaka miwili hakuna adhabu ya aina yoyote. Unaondoa kisu, unamhamisha, unampa kitu kingine, mara arobaini kwa siku. Miaka mitatu hadi sita, matokeo yaje papo hapo na yaishe papo hapo. Kuanzia saba anaweza kuelewa kulipa, kusubiri na kupanga. Kijana wa kumi na tatu kwenda mbele anahitaji kusikilizwa zaidi kuliko kuhubiriwa, na hii ilinichukua muda mrefu kuikubali.

Wiki mbili za mwanzo mambo yatazidi kuwa mabaya. Kwetu yalizidi. Watoto waliopima mipaka kwa fimbo sasa wanatafuta mpaka mpya uko wapi, na watasukuma hadi waupate. Wa mwisho wetu alimwaga maji sebuleni makusudi, akasimama ananitazama. Akafuta. Akamwaga tena. Akafuta tena, sasa huku analia. Hakumwaga mara ya tatu. Wazazi wengi hurudi kwenye bakora katika wiki hizi na kusema njia hii ni ya Wazungu. Kaa hapo hapo.

Yasiyoingia mahali pa fimbo

Kuna waliotupa bakora wakachukua ulimi. Kumsimanga mtoto, kumtukania mama yake, kumwambia "huna maana kama mjomba wako", hayo yanachapa mahali pasipoonekana. Usimnyime chakula. Usimfungie nje usiku. Usimpigishe magoti kwenye kokoto, wala kumbebesha tofali. Usimpige picha analia ukaiweka status ndugu wote waione; picha ile itaishi kuliko kosa. Na usimtishie polisi au daktari wa sindano, maana siku atakapowahitaji atawakimbia.

Hatua ya 7: Muda wake na neno jema

Robo saa kwa siku, mtoto mmoja, simu ikiwa mbali, yeye achague mnafanya nini. Wa kwangu wa kati huchagua kuosha pikipiki. Huko ndiko ninakosikia habari za shule ambazo sikuwahi kuzipata kwa maswali.

Na sema unachokiona kikiwa kizuri, kwa undani wake. "Nimeona umemwachia mdogo wako kipande kikubwa" inamfundisha zaidi ya "hongera". Sisi huwa hodari wa kuona kosa likiwa mbali, na jema likitupita karibu tunakaa kimya tukiogopa kumharibu mtoto. Hataharibika.

Hatua ya 8: Ukiteleza

Utateleza. Mimi niliteleza mwezi wa nne, kofi moja mgongoni, kwa ajili ya soksi. Usijitetee kwa "ulinitia hasira". Rudi kwake akiwa ametulia, sema: "Nilikupiga. Tulikubaliana mkono haupigi mtu, nami nimevunja. Samahani." Kisha kosa lake lile la soksi mlimalize kama yalivyo makosa mengine, maana samahani yako haifuti lake. Rudi kwenye daftari, andika saa na hali. Binti yangu aliponisikia namwomba radhi kaka yake alibaki kaduwaa mlangoni. Tumelelewa tukijua mkubwa hamwombi mdogo radhi, na ndiyo maana wengi wetu hatujui kuomba radhi hata kwa wake zetu.

Hatua ya 9: Shule, jirani na sheria

Majirani watachapa kwa niaba yako. Kwetu mtoto ni wa wote, na jambo hilo lina uzuri wake. Waambie mapema, kwa heshima: "Mwanangu akikukosea mkanye, kisha niite mimi, hata usiku." Na ukiitwa, nenda. Mtoto akakusikilize ukimwombea radhi kwa jirani, na aombe mwenyewe.

Shuleni, ijue sheria kabla ya kwenda. Kenya, Katiba ya 2010 katika ibara ya 29 inampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya viboko, na shuleni vilikuwa vimekwisha kupigwa marufuku tangu 2001. Tanzania Bara bado viboko vinaruhusiwa shuleni, ila kwa masharti: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, nayo inakataza kumrudi mtoto kupita kiasi kwa kadiri ya umri na hali yake, na inakataza kabisa kwa yule ambaye kwa udogo wake hawezi kuelewa anarudiwa nini. Nenda kwa mwalimu wa darasa mwanzoni mwa muhula, kabla hakujatokea ugomvi. Mwambie mnavyofanya nyumbani na umwombe akupigie mtoto akikosea. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani amechoka kama wewe; mtendee kama mwenzako katika malezi. Mtoto akirudi na alama za fimbo mwilini, zipige picha, andika tarehe, mwone mwalimu mkuu, na asipokusikia mwone afisa elimu kata.

Yapo yanayozidi mzazi: mtoto anayejiumiza, anayetoroka nyumbani, anayetumia madawa, au wewe mwenyewe kuona mkono wako haushikiki. Kila kata inapaswa kuwa na njia ya kumfikia afisa ustawi wa jamii. Uliza ofisi ya mtendaji. Na ipo namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, Tanzania na Kenya, unapiga bila malipo. Watu hudhani ni ya kumshtaki mzazi tu. Mzazi naye anaruhusiwa kuipiga, akasema, "Nimefika mwisho na mwanangu, nisaidieni."